Murumbi: Mlezi wa urithi aliyenyimwa jumba

JINA la Joseph Murumbi huwakumbusha wengi miezi michache aliyokuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka wa 1966. Hata hivyo, kazi yake kuu ilikuwa kuhifadhi urithi wa Afrika.

Alizaliwa mwaka wa 1911, babake akiwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa na mamake Mmaasai, akasomea India. Viongozi wa chama cha KAU walipotiwa mbaroni mwaka wa 1952, alikuwa kaimu katibu mkuu, kisha akaendeleza harakati za ukombozi akiwa ng'ambo hadi mwaka wa 1962.

Baada ya uhuru aliteuliwa Waziri wa Mambo ya Nje. Februari 1965, rafiki yake wa dhati, Pio Gama Pinto, aliuawa kwa risasi. Mwaka uliofuata Murumbi alijiuzulu na kuipa siasa kisogo.

Yeye na mkewe, Sheila, walikusanya vinyago, nguo, vito, stempu, pamoja na vitabu na nyaraka zaidi ya 50,000. Takriban vitabu 8,000 vilichapishwa kabla ya 1900.

Wanunuzi wa kigeni walivitamani, lakini katika miaka ya 1970 Murumbi aliiuzia serikali ya Kenya hazina hiyo. Matarajio yake yalikuwa kwamba nyumba yake ya Muthaiga, Nairobi, ingegeuzwa kituo cha utafiti. Badala yake iliachwa ikachakaa, hatimaye ikabomolewa.

Hazina yenyewe ilinusurika. Sehemu kubwa imo katika Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa jijini Nairobi, ambalo awali lilikuwa benki. Lakini benki hujengwa kwa ajili ya fedha. Karatasi kuukuu na vinyago huhitaji hewa kavu, joto lisilobadilika, mwanga hafifu, kinga dhidi ya moto na mchwa, na nafasi ya kupanuka.

Huko Malili, Makueni, ekari 5,000 zilitengewa mji wa Konza, ambako kituo cha kitaifa cha data kimejengwa. Ni hatua ya kupongezwa, kwani nakala za kompyuta zaweza kutunzwa humo. Hata hivyo, nakala haichukui nafasi ya kinyago wala kitabu chenyewe, na vitu hivyo vingali vinastahili jumba lililosanifiwa kwa ajili yao.

Murumbi alifariki Juni 1990. Amezikwa City Park, Nairobi, karibu na kaburi la Pinto.