Madame du Coudray: mzalishaji aliyezunguka Ufaransa na mashini ya kitambaa

Katika shule za kazi ya kuzalisha, mwanafunzi haanzi na mama mwenye uchungu. Anaanza na mfano: nyonga ya bandia, pupe ya mtoto, kamba ya kitovu. Anakosea pale, anarudilia, mpaka mikono inazoea. Namna hiyo ya kufundisha ilienea sana kwa kazi ya mwanamke mmoja wa Ufaransa, Angélique Marguerite du Coudray, aliyekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Maisha yake yanaonyesha namna sheria ya leta inavyoingia mpaka ndani ya umbo la chombo cha afya ya wamama.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 18. Mwaka wa 1740 alipita mtihani kule Paris, akapewa ruhusa ya kuzalisha. Alifanya kazi hiyo mjini karibu miaka 10. Wakati ule wanaume wapasuaji walikuwa wanaingia kwa nguvu katika kazi ya kuzalisha, na koleo za chuma za kuvutia kichwa cha mtoto zilikuwa mikononi mwao. Mzalishaji mwanamke alibaki na mikono yake mitupu. Kazi ikiwa ngumu, kanuni ilimtaka aite mpasuaji.

Lakini vijijini, mpasuaji alikuwa wapi? Du Coudray aliona shida hiyo alipohamia Auvergne, katikati ya Ufaransa, mwaka wa 1751. Kule wamama walizalishwa na jirani ao bibi wa kijiji. Wengi wao hawakujua kusoma. Mtoto akija na miguu ao mkono mbele, mtu alivuta tu, na mara nyingi mama na mtoto walikufa wote wawili ao walibaki na vilema.

Basi, kama kitabu hakisomeki na maneno peke yake hayaingii, mtu afundishwe namna gani? Du Coudray akashona mashini. Ilikuwa sehemu ya mwili wa mwanamke, toka tumbo mpaka mapajani, ya kitambaa na ngozi, imejazwa vizuri, na mifupa ya nyonga ndani. Kulikuwa na mikanda ya kukaza na kulegeza njia ya mtoto, na sponji za kutoa maji na damu ya bandia. Pupe ya mtoto ilikuwa na kipimo cha mtoto wa kweli. Kinywa chake kilifunguka, ili mwanafunzi aingize vidole viwili na kujifunza namna ya kutoa kichwa kinachobaki nyuma.

Kila kitu katika mashini hiyo kinafundisha mikono: kupapasa, kugeuza mtoto, kushika miguu bila kuvunja. Haikushonwa kwa ajili ya mwenye koleo. Ilishonwa kwa ajili ya yule ambaye kanuni za kazi zilimwachia vidole tu.

Kisha ilibidi mashini ipate kibali. Wakubwa wa Chuo cha Upasuaji cha Paris waliiangalia, wakaikubali. Mwaka wa 1759 mfalme Louis XV akampa du Coudray hati ya kufundisha katika nchi nzima, na mtu yeyote asimsumbue. Mfalme alikuwa na sababu zake. Nchi ilikuwa katika vita tangu 1756, na wakubwa waliogopa kwamba watu wanapungua. Walitaka wakulima na askari. Afya ya mama ilipata nafasi kupitia mlango huo. Mwaka wa 1767 hati ya pili ilimwekea mshahara wa livre 8,000 kwa mwaka, franga nyingi sana kwa mwanamke wa wakati ule.

Hati hiyo ilibadilisha kazi yenyewe. Mashini moja ya mwalimu mmoja haikutosha tena. Ilipaswa kushonwa mara nyingi, ibebeke katika gari la farasi na irekebishike sindano ikipatikana. Kila mji ulioombwa kumpokea uliombwa pia kununua yake, karibu livre 300, ili ibaki pale baada ya yeye kuondoka. Masomo yalichukua miezi miwili hivi. Kwa zaidi ya miaka 20 alipita katika miji zaidi ya 40. Watu wanahesabu kwamba wanawake kati ya 4,000 na 5,000 walipita mikononi mwake. Kitabu chake cha 1759 kilitolewa tena mwaka wa 1769 na picha za rangi, kwa wale wasiojua kusoma.

Sheria ileile iliyomfungulia njia ilikuwa na upande mwingine. Mashini zilizobaki mijini mara nyingi ziliwekwa chini ya wapasuaji wanaume, ambao naye aliwafundisha namna ya kuzitumia. Wabibi wa vijiji, wenye miaka mingi ya kazi, walijikuta hawana karatasi, na vijiji vingine vilikataa kuwaacha. Kisha sheria ya Ufaransa ya 1803 iliweka masomo na mitihani kwa wazalishaji, lakini ikawakataza kutumia vyombo katika uzazi mgumu bila kuita munganga. Yule wa kijijini, aliye mbali na munganga, alibaki palepale.

Du Coudray hakuona sheria hiyo. Alikufa Bordeaux mwaka wa 1794, akiwa mzee wa karibu miaka 80. Hakuacha mtoto wa kuzaa. Kazi iliendelea na binti aliyemwita mpwa wake, Marguerite Coutanceau, katika mji uleule. Mashini moja tu imebaki, katika jumba la makumbusho la Rouen. Walipoipiga picha ya radio, waliona ndani ya kitambaa mifupa ya nyonga ya mwanamke wa kweli.

Isangi iko pale Lomami inapoingia mto Kongo. Mama wa kijiji cha mbali anayeshikwa na uchungu usiku ana pirogi, giza na mzalishaji aliye karibu. Ndiyo sababu kanuni inayosema nani ashike chombo gani inamfikia hata yeye, kule mtoni.