Siti binti Saad, Muuza Vyungu

Kila Jumamosi mimi humsaidia mama kuuza bizari na iliki pale Marikiti. Siku moja wenzangu wawili wa darasani walipita, nami nikainama chini ya meza nikajifanya natafuta chenji. Mama aliniona. Hakusema kitu. Ndipo chama kilipotutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri, nikamchagua Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mnamo 1880 hivi. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, na jina aliloanza nalo ni Mtumwa. Hebu fikiria kuitwa hivyo kila siku! Shule hakusoma. Alijifunza kwa mama yake kufinyanga vyungu, akawa anavibeba kichwani hadi mjini, huku akivinadi njia nzima. Sauti hiyo ya kunadi ndiyo watu walioijua kwanza. Ilifika mtaani kabla yeye mwenyewe hajafika.

Mwaka 1911 alihamia mjini akafunzwa kuimba. Kwa kuwa hakujua kusoma, nyimbo zote alizishika kichwani, hata za Kiarabu. Akawa na kundi la wapigaji, akina Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, na Mbaruk Talsam, mtu wa kwetu Mombasa. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, basi hata mchukuzi na muuza samaki wakaelewa kinachoimbwa. Aliimba mpaka habari za mahakamani: wimbo wake wa Kijiti ni juu ya mtu aliyemuua mwanamke mgeni akatorokea bara, halafu walioadhibiwa wakawa wanawake waliotoa ushahidi.

Maadui hawakukosa. Walimtungia wimbo wa kumcheka, eti alikuja mjini na kaniki, amekuwa mtu lini huyu? Mwingine angejificha (mimi nilijificha kwa kitu kidogo zaidi). Siti akajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukoo si kitu mtu akikosa akili.

Mwaka 1928 alisafiri na kundi lake hadi Bombay, kule India, kurekodi santuri. Santuri zile zikauzwa pwani nzima. Alifariki 1950, na wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert ulitoka 1958.

Mwalimu wetu alituwekea wimbo wake mmoja kwenye simu. Mikwaruzo ilikuwa mingi, maneno mengine sikuyashika, lakini sauti ile, wallahi, ni ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mbali.

Jumamosi iliyopita wale wenzangu walipita tena. Nikanadi bizari. Sauti ilinikwama kidogo mwanzoni, mama akacheka, na mmoja wao akanunua iliki ya shilingi hamsini.