Hugh Tracey Aliyepita Kapkatet

Mwaka 1950 alifika Kapkatet mgeni mwenye mitambo ya kunasa sauti. Huyo ni Hugh Tracey, aliyezaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903. Akiwa kijana alimfuata kaka yake Rhodesia ya Kusini kulima tumbaku. Shambani alijifunza nyimbo za vibarua Wakaranga, akaona hakuna anayezihifadhi. Kazi hiyo aliifanya karibu maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 1977.

Hapa kwetu wasichana wa Kipsigis walimwimbia Chemirocha, kwa kinubi cha chepkong. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Wasichana walimfanya nusu mtu, nusu paa!

Linalotuhusu zaidi sisi waimbaji ni kwamba Tracey hakutegemea sikio tu. Alisafiri na uma za sauti, vile vyuma vyenye meno mawili, akapima kila chombo jinsi alivyokikuta, bila kukilazimisha kufuata kinanda. Mwaka 1948 alitoa kitabu juu ya Wachopi wa Msumbiji. Katika timbila zao kila ubao una kibuyu chake chini. Kibuyu kikiwa cha kadiri, hewa iliyomo hutetema pamoja na ubao na sauti hukua. Kisipolingana, ubao hulia mkavu.

Vijana wa sauti ya nne walibisha, nikawaletea paipu ya maji iliyo wazi pande zote mbili. Uma wetu wa La hutetema mara 440 kwa sekunde. Ukiushika mdomoni mwa paipu ya sentimita 38 hivi, paipu inaitikia. Kata sentimita tano, mwitikio unafifia. Hewa ya paipu wazi huitikia urefu wake unapokaribia nusu ya wimbi la sauti.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, na ipo hadi leo. Zaidi ya miaka 60 baada ya safari ile, nakala zilirudishwa Kapkatet, na mzee mmoja aliyerekodiwa ujanani alikuwa hai kujisikia.

Sisi tunaadhimisha miaka 40 bila kanda hata moja ya waanzilishi. Iliyokuwepo ilirekodiwa mahubiri juu yake. Aliye na kanda nyumbani, hata iliyokatika, tafadhali amletee katibu.