Frumentius, Askofu wa Kwanza wa Uhabeshi

Wako Wakristo wadhanio ya kuwa mashindano ya zamani juu ya Mwana wa Mungu, jinsi alivyo Mungu kweli na mtu kweli, yalikuwa maneno ya wenye elimu wa ng'ambo tu, nasi watu wa Afrika tuliletewa shauri lililokwisha kukatwa. Sivyo. Katika karne ya nne neno hilo lilifika Aksum, mji wa wafalme wa Uhabeshi, likampata mtu mmoja, jina lake Frumentius.

Mtu huyo alitoka Tiro. Alipokuwa kijana alisafiri katika Bahari ya Shamu pamoja na ndugu yake Aedesius na jamaa yao Meropius. Chombo chao kilipotia nanga, wenyeji, ambao mapatano yao na Warumi yalikuwa yamevunjika, waliwaua wote waliokuwamo. Vijana hao wawili tu waliachwa, wakapelekwa kwa mfalme. Aedesius akawa mnyweshaji wake. Na Frumentius, kwa kuwa alikuwa mwenye akili, akawekwa kuwa mwandishi na mtunza hazina. Hata mfalme alipokufa, mjane wake aliwasihi wakae wamsaidie kutawala mpaka mwanawe akue. Ndipo Frumentius alipowatafuta wafanya biashara Wakristo waliokuwako, akawapatia mahali pa kusali.

Mtoto alipokwisha kukua, ndugu hao waliomba ruhusa waende zao. Aedesius akarudi Tiro, akawa kasisi, naye ndiye aliyemsimulia mwandishi Rufinus mambo haya. Lakini Frumentius alishika njia ya Iskanderia katika Misri, akamwomba askofu Athanasius awapelekee Wakristo wa Aksum mchungaji. Athanasius akashauriana na wenziwe, akaona hapana afaaye kuliko yule yule aliyeleta ombi. Akamwekea mikono kuwa askofu, akamrudisha.

Wakati ule Kanisa lilikuwa katika vita vikali vya maneno. Arius, kasisi wa Iskanderia, alikuwa amefundisha ya kuwa Mwana ni kiumbe, ingawa ni mkuu kupita viumbe vyote. Mkutano wa Nikea, mwaka 325, ulikataa mafundisho hayo, ukakiri ya kuwa Mwana ni wa asili moja na Baba. Msomaji wa Bariadi ataelewa upesi: mtumishi wa mtemi, hata akivikwa vizuri na kuheshimiwa na watu wote, si damu ya mtemi. Kama Kristo ni mtumishi aliyetukuzwa tu, basi Mungu mwenyewe hakutujia, na kiumbe hawezi kuwaokoa viumbe wenziwe. Kwa sababu hiyo Athanasius hakulegea, ijapokuwa alifukuzwa mara 5.

Mwaka 356 askari wa Kaisari Constantius walimwondosha, akajificha jangwani kwa watawa. Kaisari huyo, aliyewapinga watu wa Nikea, akawaandikia Ezana mfalme wa Aksum na ndugu yake Sazana, akitaka Frumentius apelekwe Iskanderia, imani yake ipimwe na George, aliyewekwa mahali pa Athanasius. Mwaona hatari yake: Kanisa changa, askofu mmoja, na Kaisari wa Rumi mwenyewe anaagiza. Kama mchungaji angaligeuzwa, kundi lake lingalifuata nani?

Lakini Kanisa la Aksum halikushika mafundisho ya Arius. Fedha za Ezana, zilizokuwa kwanza na alama ya mwezi, zilipigwa alama ya msalaba. Na jiwe lake lililoandikwa kwa Kiyunani lamtaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Wahabeshi humwita Frumentius Abba Salama, maana yake Baba wa Amani.

Baadaye, mwaka 451, Mkutano wa Kalkedoni ulikiri asili mbili katika Kristo mmoja. Makanisa ya Misri na Uhabeshi hayakuukubali, na hata leo twatofautiana nao katika neno hilo. Lakini imani ya Nikea ni ya kwao na ya kwetu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 laanza kwa kuikubali.

Basi, enyi walimu, mnapowafundisha wanaongojea ubatizo, msilipite neno hili kwa haraka kama neno la vitabuni. Waambieni ya kuwa aliyekufa msalabani si mjumbe tu wa Mungu, bali ni Mungu Mwana mwenyewe, na ya kuwa imani hiyo ilipata mlinzi katika Afrika ya mashariki tangu zamani sana.