Lu Zhiwei: Mwanachuoni Aliyetakiwa Kutubu

Sisi tuliokalia mkeka wa chuo tukiwa wadogo tunaijua hofu ya kusahau. Mtoto huhifadhi sura leo, akaisoma mbele ya mwalimu pasi na kukwama, lakini ikifika kesho kutwa ulimi humgomea katikati ya aya. Ajabu ni kwamba mwalimu akianza kuisoma yeye, mtoto huitambua papo hapo. Jambo hili lilinishughulisha kwa miaka mingi. Je, ile sura nimeisahau au sikuisahau?

Jawabu nilikuja kuipata ukubwani, katika kitabu cha elimu ya nafsi, na aliyelichunguza jambo hilo alikuwa Mchina, jina lake Lu Zhiwei. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizifuatilia habari zake. Leo, ndugu msomaji, napenda nikusimulie maisha yake, kwani yana mafunzo makubwa kuliko hayo ya kusahau.

Lu alizaliwa mwaka wa 1894 katika mji wa Nanxun, mkoa wa Zhejiang, upande wa mashariki ya China, nchi ya hariri tangu kale. Alisoma mjini Suzhou katika chuo kikuu kilichoanzishwa na wamisheni wa Kimarekani, na huko ndiko alikoingia dini ya Kikristo. Kisha akavuka bahari kwenda Marekani, na mwaka wa 1920 akapata udaktari wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Chicago.

Kabla yake, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha, mwaka wa 1885, kwamba binadamu husahau kwa haraka mwanzoni, kisha polepole. Lu aliuliza swali jingine: kusahau kunapimwaje? Aliwapa watu silabi zisizo na maana wazihifadhi, kisha akawajaribu kwa njia mbalimbali. Mara watabiri silabi inayofuata kabla ya kuonyeshwa, mara waandike zote wanazozikumbuka, mara wazitambue tu zikichanganywa na ngeni. Baada ya siku 2, waliotakiwa kutambua walipata takriban 7 katika kila 10, hali waliotakiwa kutabiri hawakufikisha hata 2. Basi yule mtoto wa chuoni hakuwa mwongo wala mvivu. Kilichotoweka kwa mlango mmoja kilikuwa bado kimo ndani kwa mlango mwingine. Utafiti huo ulichapishwa mwaka wa 1922, na ungali ukitajwa vitabuni.

Aliporejea China alifundisha mjini Nanjing. Wakati huo mtihani wa kupimia akili za watoto, uliotungwa na Wafaransa Binet na Simon, ulikuwa umeenea duniani. Lu aliona kuwa swali lililotungwa kwa mtoto wa Paris si lazima lifae kwa mtoto wa China, basi akautengeneza upya na kuutoa mwaka wa 1924. Mwaka wa 1936, yeye na mwenzake wakautengeneza tena.

Na tusidhani kwamba alikuwa mtu wa hesabu peke yake. Mwaka wa 1923 alitoa diwani ya mashairi iitwayo Kuvuka Mto, moja ya diwani za mwanzo za Kichina cha mazungumzo. Wakati huo washairi wa China walikuwa wakigombana kama walivyogombana wa kwetu miaka ya 1970 juu ya vina na mizani. Lu alishika njia ya katikati. Alikubali kanuni za kale za sauti ziachwe, wala hakuona kuwa kina ni lazima, lakini alishikilia kuwa shairi lisilo na mapigo yake ya sauti si shairi.

Mwaka wa 1927 alihamia Beijing, akawa mkuu wa idara ya elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Yenching. Hiki nacho kiliundwa na wamisheni wa Kimarekani, mwaka wa 1919, na mkuu wake alikuwa John Leighton Stuart. Lu alikaimu uongozi wa chuo tangu mwaka wa 1934 hadi 1937, na katika mwaka huo wa 1937 akachaguliwa kuwa rais wa chama cha wataalamu wa elimu ya nafsi wa China.

Hapo ndipo vita vilipoingia. Wajapani waliuteka mji wa Beijing, na majaribio ya maabara yakawa shida. Lu hakukaa akajikunyata. Aligeukia elimu isiyohitaji chombo ila kitabu na karatasi, nayo ni elimu ya matamshi ya Kichina cha kale.

Msomaji atauliza, kuna ugumu gani? Sisi tuliozoea Kiswahili cha herufi za Kiarabu tunaweza kuelewa kidogo. Barua ya babu ikiandikwa bila irabu, asiyeijua lugha hatajua neno litamkweje. Maandishi ya Kichina yanaficha zaidi, kwani kila alama husimamia neno au kipande chake, na herufi za sauti hazimo. Wazee wa Kichina walikuwa na kamusi za vina, na maarufu mojawapo ni ile iitwayo Guangyun, ya mwaka wa 1008. Humo matamshi ya alama moja huonyeshwa kwa alama mbili, ya kwanza ikitoa sauti ya mwanzo na ya pili ikitoa sauti ya mwisho. Lu alichukua hesabu za kubahatisha alizojifunza katika elimu ya nafsi, akahesabu ni sauti zipi hukutana mara kwa mara na zipi hukimbiana, na mwaka wa 1939 akatoa hoja kwamba sauti za mwanzo katika kamusi hiyo ni za makundi 51. Mchango huo ulitoka kwa mtu aliyeingia uwanjani akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1941, Japani ilipoingia vitani na Marekani, askari wa Kijapani walikifunga Chuo cha Yenching, na Lu akatiwa gerezani pamoja na walimu wenzake. Humo aliugua tumbo la kuhara damu hadi akadhoofika kabisa. Inasimuliwa kwamba alipewa karatasi aandike toba yake, naye akaandika kuwa hana kosa la kulitubia. Aliachiliwa mwaka wa 1942 akiwa mgonjwa, akaishi kwa kuuza vitu vya nyumbani, na huku akiendelea na vitabu vyake vya matamshi. Kitabu chake kikuu juu ya sauti za kale kilitoka mwaka wa 1947.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Yenching ilifunguliwa tena, na Lu ndiye aliyekiongoza chuo. Stuart aliteuliwa balozi wa Marekani nchini China mwaka wa 1946. Wakomunisti waliposhika nchi mwaka wa 1949, Lu hakukimbia, bali alibaki na wanafunzi wake. Lakini dunia haina huruma. Marekani na China zilipopigana huko Korea, kila aliyewahi kula meza moja na Wamarekani alitiliwa shaka, na nani aliyekuwa karibu nao kuliko mkuu wa Yenching?

Mwaka wa 1952 aliwekwa mbele ya mikutano ya hadhara. Wenzake walimshutumu, wanafunzi wake walimshutumu, na binti yake mwenyewe alisimama akamshutumu babake. Lu alitakiwa kutubu, na mara hii alitubu. Mwaka huo huo Yenching kilivunjwa, na viwanja vyake vikapewa Chuo Kikuu cha Peking.

Mimi nimelifikiria sana jambo hili. Mtu aliyekataa kuandika toba mbele ya mtutu wa bunduki wa adui, mbona aliiandika mbele ya watu wake? Wako watakaosema alishindwa. Mimi simhukumu. Adui akikupiga, moyo hukaza, lakini akikupiga mwanao, moyo hauna pa kushika. Kikulacho ki nguoni mwako, na tena nguo yenyewe umeishona wewe.

Baada ya hapo aliwekwa katika taasisi ya elimu ya lugha ya Akademia ya Sayansi ya China. Angeweza kukunja jamvi, lakini alifanya kazi. Aliingia katika kamati iliyotayarisha namna ya kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, mpango uitwao Pinyin, uliopitishwa na bunge la China tarehe 11 Februari 1958. Kila tunaposoma leo gazetini majina kama Beijing au Zhejiang, tunasoma matunda ya kamati hiyo.

Mpango huo ulileta swali ambalo Wachina hawakuhitaji kuliuliza zamani: neno ni nini? Maandishi yao hayaachi nafasi baina ya maneno. Lu alikwisha kutoa njia yake ya kulijibu. Kisha yeye mwenyewe akaiona kuwa ina kasoro, akakiri hadharani, akaitupa. Katika kitabu cha mwaka wa 1957 juu ya uundaji wa maneno, alifuata njia nyingine: jaribu kutia kitu katikati. Kwa mfano wa kwetu, mtoto mzuri ni maneno mawili, kwani waweza kusema mtoto wangu mzuri. Lakini mwananchi huwezi kumpasua ukatia kitu katikati, basi huyo ni neno moja.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo toba yake ya kweli. Ya kwanza aliikataa kwa kuwa hakuwa na kosa. Ya pili ilimtoka kwa kulazimishwa. Ya tatu hakuna aliyemwomba, ila aliiona haki akaifuata, ijapokuwa ilimbomolea kazi ya mikono yake.

Mapinduzi ya Utamaduni yalipozuka mwaka wa 1966, mzee huyu hakusazwa. Alipelekwa mashambani, mkoa wa Henan, na kazi aliyopewa ilikuwa kulisha nguruwe, naye umri umepita miaka 70. Huko afya ilimwishia, akarudishwa Beijing, na mwezi wa Novemba 1970 akafariki dunia. Jina lake lilisafishwa rasmi mwaka wa 1979, alipokuwa kaburini miaka 9.

Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba jambo linaloonekana limesahauliwa huenda bado limo ndani, likingoja kutambuliwa. Ndivyo lilivyokuwa jina lake pia. Nami kila ninapompita mtoto aliyekwama katika sura yake, humkumbuka Lu, na husema moyoni: mpe neno moja tu, atalitambua.