John Michuki

John Njoroge Michuki (1 Desemba 1932 – 21 Februari 2012) alikuwa mtumishi wa serikali, mwanabenki na mwanasiasa wa Kenya. Aliwakilisha jimbo la Kangema bungeni kwa miaka mingi na kushika wizara kadhaa chini ya Rais Mwai Kibaki. Anakumbukwa hasa kwa kanuni za usalama barabarani alizozitoa mwaka 2003 akiwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano, ambazo Wakenya huziita sheria za Michuki. Kanuni hizo ziliagiza mikanda ya usalama kwenye viti vya magari ya abiria na vidhibiti mwendo kwenye injini, na zikapunguza idadi ya abiria katika matatu.

Maisha ya awali

Michuki alizaliwa katika eneo la Kangema, kwenye miteremko ya Murang'a, wilaya ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Fort Hall. Baba yake, Michuki wa Kagwi, alikuwa chifu chini ya serikali ya Waingereza. Kijana huyo naye aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni miaka ya 1950, wakati Murang'a ilipokuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa sana na vita vya Mau Mau. Kutoka enzi hizo alibaki na jina la utani la Kimendero, neno la Kikuyu lenye maana ya mpondaji. Wapinzani wake walilitumia kumkumbusha upande aliokuwa amesimama, na jina hilo lilimfuata hadi uzeeni.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza, na wakati wa uhuru alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupewa kazi ya mkuu wa wilaya. Baadaye alihamia Wizara ya Fedha na kupanda hadi cheo cha katibu mkuu. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1979 alikuwa mwenyekiti mtendaji wa Benki ya Biashara ya Kenya (KCB), ambayo serikali ilikuwa imenunua sehemu kubwa ya hisa zake. Alikuwa pia mfanyabiashara, na hoteli ya Windsor yenye uwanja wa gofu jijini Nairobi ilikuwa mali yake.

Aliingia bungeni mwaka 1983 kwa tiketi ya KANU na kuwa waziri msaidizi wa fedha. Mwaka 1988 alikipoteza kiti hicho kwa mpinzani wake wa siku nyingi, Joseph Kamotho. Alikirudia mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, safari hii kupitia chama cha FORD-Asili, na hakukipoteza tena. Muungano wa NARC uliposhinda uchaguzi wa Desemba 2002, Kibaki alimkabidhi Wizara ya Uchukuzi na Mawasiliano. Wakati huo Michuki alikuwa na umri wa miaka 70.

Matatu kabla ya mwaka 2004

Ili kuelewa alichofanya ni lazima kuyaelewa matatu, magari ya abiria ya watu binafsi yanayofanana na daladala za Tanzania. Jina lenyewe linatokana na neno la Kikuyu la tatu, kwa kuwa nauli ya mwanzo ilikuwa sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu ya usafirishaji. Uamuzi huo uliwapa wananchi wengi kazi na usafiri wa bei nafuu. Wakati huohuo uliacha biashara kubwa ikue kwa miongo mitatu bila msimamizi wa kweli.

Mwendo wa hatari wa matatu haukutokana na tabia ya madereva peke yake. Mwenye gari alimpangia dereva kiasi cha fedha cha kumletea kila jioni. Kilichozidi, baada ya mafuta, kiligawanywa kati ya dereva na utingo, yaani konda. Hivyo kila safari ya ziada na kila abiria aliyebanwa mlangoni ilikuwa sehemu ya chakula chao cha siku hiyo. Gari dogo la aina ya Nissan lilipakia abiria 18 kihalali, na wengine zaidi walisimama wakiwa wameinama au kuning'inia nje. Dereva aliyeendesha kwa uangalifu alirudi nyumbani na fedha kidogo kuliko mwenzake aliyempita kwenye kona.

Katika miaka hiyo watu wapatao 3,000 walikufa kila mwaka katika barabara za Kenya. Wengi wao walikuwa watembea kwa miguu, wakifuatwa na abiria. Madereva wenyewe walikuwa sehemu ndogo zaidi ya waliokufa.

Sheria za Michuki

Kanuni zilitangazwa Oktoba 2003 kama Tangazo la Kisheria namba 161, chini ya Sheria ya Trafiki. Wenye magari walipewa muda hadi tarehe 1 Februari 2004 kuzitimiza. Wengi walidhani siku hiyo itaahirishwa, kama ilivyokuwa kawaida kwa amri nyingi zilizotangulia, lakini haikuahirishwa.

Kila gari la abiria lilitakiwa kufungwa kidhibiti mwendo, yaani kifaa kinachoizuia injini kupita kilomita 80 kwa saa hata dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho. Malori ya mizigo yaliingizwa pia katika agizo hilo. Kila kiti kilipaswa kuwa na mkanda, na abiria ambaye hakuufunga aliweza kukamatwa yeye mwenyewe. Matatu ya watu 18 yalishushwa hadi watu 14, na kusimama ndani ya gari kukakatazwa. Magari yalipakwa mstari wa manjano ubavuni na kuandikwa njia yanayopita. (Katika daladala za Dar es Salaam rangi ya mstari hueleza njia ya gari. Mstari huu wa Kenya ni mmoja kwa nchi nzima, na msafiri kutoka Tarime au Serengeti anayevuka mpaka wa Sirari huanza kuuona mara tu anapofika Isebania.)

Sehemu nyingine ya kanuni iliwahusu wafanyakazi. Madereva walitakiwa kuvaa sare ya bluu na utingo sare ya rangi ya damu ya mzee. Wote walipaswa kuwa na cheti cha tabia njema kutoka polisi, picha ya dereva ikabandikwa ndani ya gari mahali ambapo abiria anaweza kuiona, na madereva wakapangiwa kupimwa upya kila baada ya miaka miwili. Wenye magari waliagizwa kuwaajiri kwa kudumu na kuwalipa mshahara. Agizo hili la mwisho ndilo lililozungumzwa kidogo zaidi, ingawa ndilo lililogusa kiini cha tatizo, maana dereva mwenye mshahara hana sababu ya kukimbizana na mwenzake kwa ajili ya abiria mmoja.

Namba 80 ina maana yake. Nguvu ya mgongano haiongezeki sawasawa na mwendo, bali kwa mraba wake. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa hubeba nishati mara mbili na robo ya gari lilelile likiwa kwenye kilomita 80, na umbali linaohitaji ili kusimama baada ya breki kukanyagwa huongezeka kwa kiasi hichohicho. Mkanda nao hufanya kazi pale breki zinaposhindwa. Gari linapogonga husimama ghafla, lakini mwili wa abiria huendelea mbele kwa mwendo uleule hadi ukutane na kitu: kiti, kioo au abiria mwingine. Mkanda wa pointi tatu, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo nchini Uswidi. Viti vingi vya matatu viliwekewa mkanda wa kiunoni tu. Huo haumlindi abiria sawa na ule wa pointi tatu, ila humzuia kurushwa nje gari linapopinduka.

Utekelezaji na upinzani

Asubuhi za kwanza za Februari 2004 barabara za Nairobi zilikuwa na nafasi isiyo ya kawaida. Magari mengi hayakuwa tayari na hayakuthubutu kutoka, kwa hiyo maelfu ya watu walitembea kwenda kazini. Nauli zilipanda, kwa sababu gari lililobeba watu 14 lilipaswa kuingiza fedha za watu 18. Wenye matatu walilalamika juu ya bei ya vifaa, wakaenda mahakamani na kutishia migomo. Michuki hakurudi nyuma. Ukali uleule uliowafanya watu wa Murang'a wamwite mpondaji ulimpa sasa heshima ambayo hakuwa nayo kabla, hata kwa watu ambao hawakuwahi kumpigia kura.

Katika mwaka huo wa kwanza ajali na vifo vilipungua. Mabadiliko mengine abiria aliweza kuyaona mwenyewe: alikuwa na kiti chake na alimjua dereva wake kwa picha.

Kanuni zilikuwa pia na udhaifu. Kidhibiti mwendo kiliweza kukatwa waya na fundi wa mtaani, kisha kuunganishwa tena siku ya ukaguzi. Mikanda ilichakaa na kuchafuka, ikawa kitu cha kushikiliwa mapajani gari linapokaribia kizuizi cha polisi. Rushwa barabarani haikuguswa na kanuni hizi. Wamiliki wengi waliendelea na mtindo wa kupokea fedha za kila jioni, na ajira ya kudumu ikabaki kwenye karatasi. Mwaka 2005 Michuki alihamishiwa wizara nyingine, na utekelezaji ukalegea hatua kwa hatua. Ubao ukarudi kati ya viti ili mtu mmoja zaidi apate pa kukaa.

Wizara nyingine

Akiwa waziri wa usalama wa ndani, Michuki alikosolewa vikali. Machi 2006 maafisa waliofunika nyuso walivamia ofisi na mtambo wa gazeti la The Standard na kituo chake cha televisheni, KTN, wakachoma magazeti. Waziri alitetea uvamizi huo kwa kuwafananisha waandishi na mtu anayemchokoza nyoka. Mwaka 2007 aliongoza msako dhidi ya kundi la Mungiki, ambalo lilikuwa likiwatoza fedha kwa nguvu wenye matatu. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilieleza baadaye kuwa mamia ya vijana waliuawa au kupotea katika kipindi hicho. Haki haiwezi kutendeka kwa maisha yake bila kutaja mambo haya pamoja na mikanda.

Mwanzoni mwa 2008 alishika kwa muda mfupi wizara ya barabara. Katika serikali ya mseto iliyofuata alipewa Wizara ya Mazingira, ambako alianzisha kazi ya kusafisha Mto Nairobi. Kati ya Julai 2008 na Januari 2009 alikaimu pia nafasi ya Waziri wa Fedha.

Kifo na baada yake

Michuki alifariki tarehe 21 Februari 2012 katika Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, akiwa bado waziri na mbunge, akazikwa nyumbani kwao Kangema. Bustani iliyo kando ya Mto Nairobi, karibu na mzunguko wa Globe, ina jina lake. Ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2020.

Katika mwaka wa kifo chake bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Mamlaka ya Taifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyochukua kazi ya kusimamia leseni na ukaguzi wa magari ya abiria.

Tarehe 10 Oktoba 2018 basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilipinduka usiku Fort Ternan, kaunti ya Kericho, na kuua watu zaidi ya 50. Basi hilo halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Mwezi uliofuata serikali ilitangaza kuwa sheria za Michuki zingetekelezwa upya kuanzia tarehe 12 Novemba. Polisi walikamata magari yasiyo na mikanda, vidhibiti mwendo wala mstari wa manjano, matatu mengi yakabaki majumbani, na wakazi wa Nairobi wakatembea tena kwenda kazini kama walivyofanya Februari 2004.