Mekatilili na Uchaga wa Mgiriama

Kila mwaka Siku ya Mashujaa inapowadia, wanafunzi wetu hulitaja jina la Mekatilili wa Menza kuwa ni la mwanamke aliyempinga mkoloni. Wakiulizwa alipinga nini hasa, aghalabu hujibu kwa neno moja: kodi. Jibu hilo si kosa, ila nionavyo mimi limeacha kiini cha jambo. Mekatilili alitetea uchaga wa nafaka, na kwa hiyo alitetea chakula cha watoto.

Tuanze na jina lenyewe. Alizaliwa akaitwa Mnyazi. Mekatilili ni jina la uzazi, na katika Kigiriama maana yake ni mama yake Katilili. Historia imemhifadhi, basi, kwa cheo cha umama.

Wagiriama wa zama zake hawakuwa watu wa kuombaomba. Kaskazini ya mto Sabaki, katika nchi ambayo leo ni Magarini, walilima mahindi na mtama, wakaweka akiba, na ziada wakaiuza pwani. Ugomvi ulizaliwa hapo hapo. Mwenye akiba nyumbani hana haja ya kwenda kutafuta kibarua, ilhali Serikali na wenye mashamba makubwa walitaka vibarua. Mwaka 1913 ofisa Arthur Champion alipewa kazi ya kuwapata vijana hao. Mekatilili, ambaye wakati huo alikuwa mjane mtu mzima, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Watu walipokusanyika aliwaeleza hatari iliyokuwa ikija. Katika Kaya Fungo wanawake na wanaume walikula viapo kwamba hawatatoa vijana wao.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mapema mwaka 1914 walitoroka, wakarejea kwao kwa miguu. Agosti mwaka huo Serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Mekatilili alikamatwa tena, akahamishwa. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000, na wale wa kaskazini ya Sabaki wakafukuzwa katika ardhi yao yenye rutuba. Katika miaka iliyofuata, wauzaji wa nafaka wakageuka kuwa wenye njaa.

Hapana budi tulizingatie hilo darasani. Tumezoea kuieleza njaa ya Kilifi kana kwamba ni tabia ya mawingu tu. Ukame upo, na mwaka 2021 ulipotangazwa kuwa janga la taifa, Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Lakini ukame humkuta mtu na akiba yake au bila akiba. Karne iliyopita akiba hiyo ilivunjwa kwa amri ya Serikali.

Mekatilili aliachiwa mwaka 1919, akafariki katikati ya miaka ya 1920, akazikwa Bungale, huko huko Magarini. Marafa, katika nchi hiyo hiyo, kuna bonde la Nyari, ambalo wenyeji husimulia kuwa lilimeza jamaa ya matajiri waliooga maziwa huku wenzao wakiwa na dhiki. Hekaya hiyo ina mafunzo makubwa: shibe isiyogawiwa ni kosa lenye adhabu.

Mwalimu yeyote anamjua mtoto anayesinzia saa nne asubuhi kwa sababu jana hakula. Kumchapa hakumfundishi kitu. Naona ni wajibu wa shule na vijiji kuwa na ghala la pamoja: wakati wa mavuno kila nyumba itoe kibaba chake, na wakati wa kiangazi watoto wapikiwe uji bila kuulizwa ni wa nani. Serikali nayo itimize sehemu yake. Kigiriama husema ndzala, Kiswahili husema njaa, na asili ya maneno hayo ni moja. Tukimkumbuka Mekatilili kwa hotuba pekee, uchaga alioutetea utabaki mtupu.